Kisanduku Kitupu: Mhadhara juu ya Kuorodhesha Mimea



Mwaka 1893 mzigo wa vitoto vya mkonge ulifika pwani ya Tanga kutoka Florida, Marekani, kwa agizo la mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf. Vilipofungashwa vilikuwa 1,000. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yakaanza mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya bahati njema. Nami nakitaja kwa sababu ya zile namba mbili. Kuna mtu aliyehesabu vilivyoondoka, kuna mtu aliyehesabu vilivyofika, na hesabu zote mbili ziliandikwa. Lau ingeandikwa ile ya pili tu, leo tungejua kwamba mkonge uliletwa na ukastawi, tusijue kamwe kwamba vitoto 938 viliteketea njiani, wala kwamba kilimo kizima cha nchi kilipita katika tundu jembamba namna hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hunukuliwa sana na wahasibu, na mara nyingi hueleweka kana kwamba daftari huzuia mali isipotee. Haisemi hivyo. Inasema mali itapotea, ila bila daftari hutapata habari ya kupotea kwake. Kwa mwenye bustani, kitalu, au kibaraza chenye vyungu mia, huo ndio ukweli wa kila msimu: mimea hufa, huibwa, huchanganyika, hubadilishwa majina. Hoja yangu leo ni kwamba jedwali la mimea katika kompyuta, pamoja na vichujio na chati zake, lina thamani kwa kadiri linavyotuonyesha tusichokijua na tulichokipoteza. Jedwali linaloonyesha tulivyo navyo peke yake ni pambo. Kutokana na hoja hiyo hufuata karibu kila uamuzi wa namna ya kulipanga: mstari mmoja uwakilishe nini, safu zipi zitangulie, kichujio kipi kitumiwe kwanza, na chati ipi isichorwe.

Tuanze na chombo chenyewe. Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc ya mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, na ilibuniwa kwa ajili ya hesabu za biashara. Asili hiyo ingali inaonekana hadi leo katika Excel, katika LibreOffice na katika majedwali ya simu: programu inatarajia fedha. Shilingi elfu ya Jumatatu ni sawa na shilingi elfu ya Jumanne, kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kujumlisha bila wasiwasi. Mimea haijumlishwi hivyo. Miche miwili ya mvule iliyosimama bega kwa bega inaweza kuwa imetoka kwa miti mama miwili iliyotengana kilomita mia tano, mmoja ukawa na thamani kubwa kwa uhifadhi na mwingine ukawa wa kivuli tu. Anayefungua jedwali na kuandika "Mvule: 2" amekwisha kupoteza habari ambayo hakuna fomyula itakayoirudisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mstari mmoja wa jedwali ni nini? Wengi huanza kwa kuupa kila spishi mstari wake, halafu wanaongeza safu ya "idadi". Mpangilio huo unapendeza macho na ni mfupi, lakini una kasoro kubwa, na hakuna mmea unaoionyesha vizuri zaidi ya sikadi iitwayo Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya Durban, aliukuta mmea huo katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Ulikuwa mmea mmoja wenye mashina kadhaa, dume, na hadi leo hakuna jike lililopatikana porini. Mimea yote ya spishi hiyo iliyomo katika bustani za dunia, kuanzia Durban hadi Kew ya Uingereza, ni vichipukizi vya dume huyo mmoja. Sasa fikirini jedwali la "spishi na idadi" linaloorodhesha sikadi hizo katika bustani mbalimbali. Safu ya idadi itapanda mwaka hadi mwaka, chati itaonyesha mstari unaokwea, na msomaji ataridhika kwamba mmea umeokolewa. Kwa hakika aliyepo ni mmoja tu, amekatwa vipande vingi, na hana mwenzi wa kuzaa naye.

Mstari basi uwe wa kila tukio la kuingia: mbegu zilizookotwa siku moja chini ya mti mmoja, vipandikizi vilivyokatwa kutoka shina moja, mche mmoja ulionunuliwa kitaluni. Kila kilichoingia pamoja, kutoka chanzo kimoja, siku moja, kipate mstari wake na namba yake. Bustani za mimea duniani zimeutumia utaratibu huu kwa muda mrefu, na namba hiyo kwa kawaida huanza na mwaka: mathalani 2024-0017, yaani cha 17 kuingia mwaka 2024. Chipukizi likikatwa kutoka katika mmea huo na kupandwa penginepo, linapata namba mpya, na katika safu ya "mzazi" inaandikwa ile ya zamani. Kwa safu hiyo moja, zile sikadi zote zingeonekana zilivyo, matawi ya mti mmoja wa nasaba.

Kwa nini namba, na si jina? Kwa sababu jina ni maoni ya kitaalamu, na maoni hubadilika. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Wajerumani wanaliita kwa jina la milima hiyo hadi leo, lilielezwa kisayansi na Hermann Wendland mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyelipeleka Ujerumani. Jina hilo lilikaa zaidi ya karne moja, likachapwa kwenye mamilioni ya vyungu vya maduka ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi Streptocarpus. Migunga yetu nayo imepitia hayo hayo: mikutano ya kimataifa ya wataalamu wa mimea ya 2005 na 2011 iliacha jina Acacia kwa miti ya Australia, na ile ya Afrika ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Mjohoro ulikuwa Cassia siamea, sasa ni Senna siamea. Anayeutambua kila mmea kwa jina lake la kisayansi atalazimika kuandika upya jedwali lake kila wataalamu wanapokutana, na asipofanya hivyo kwa uangalifu, nusu ya migunga yake itakuwa chini ya jina moja na nusu chini ya jingine, na kichujio kitamletea nusu tu.

Majina ya kienyeji hayatuokoi katika hili, ingawa yanastahili safu yao wenyewe na heshima yao yote. "Mgunga" ni jina la miti kadhaa. Mti uleule una jina moja Tanga, jingine Songea, na jingine Kisumu. Jina la kienyeji ni ushahidi: linasema mtu fulani wa mahali fulani aliutambua mmea hivi. Kwa hiyo liandikwe pamoja na lugha yake na mahali lilipotolewa, lisiachwe peke yake likielea. Jina la kisayansi nalo ni ushahidi, na lingefaa kuandamana na safu mbili ambazo wengi huzisahau: nani aliutambua mmea, na mwaka gani. Kitabu kikuu cha mimea ya kanda yetu, Flora of Tropical East Africa, kilichapwa sehemu kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, kikafikisha spishi 12,104. Kazi iliyowachukua mabingwa miaka 60 haiwezi kuwa haina marekebisho. Jina bila mwaka halitamwambia msomaji kama lilitolewa kabla au baada ya marekebisho hayo.

Nimefika kwenye safu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, nayo ni ya asili ya mmea. Hapa mkonge unatusaidia tena. Vitoto vya Hindorf vilitoka Florida, lakini mkonge si mmea wa Florida. Ni mmea wa Mexico, na jina ambalo Wazungu wanauita ni la bandari iliyoko Yucatán. Alikoupata Hindorf ni jambo moja, ulikozaliwa mmea ni jambo jingine. Jedwali lenye safu moja iliyoandikwa "ulikotoka" huyachanganya mambo hayo mawili, na baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua mwandishi alikusudia lipi. Zinahitajika safu mbili: aliyeutoa, na mahali pa porini ulipochukuliwa au ulipochukuliwa mzazi wake. Utaratibu wa kimataifa unaotumiwa na bustani za mimea kupashana habari umelifupisha jambo hili kwa herufi moja. W ni mmea uliochukuliwa porini. Z umeoteshwa kutokana na mzazi anayejulikana kuwa wa porini. G ni mmea usiotokana na pori. U haujulikani chanzo chake. Herufi nne hizo zinaweza kuchujwa kwa mguso mmoja, jambo ambalo sentensi ndefu ya maelezo haiwezi.

Wala haitoshi kuandika jina la nchi. Bustani ya Amani katika Usambara Mashariki ni mfano ambao kila mpenda mimea wa Afrika Mashariki angepaswa kuujua. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo, na ndani yake wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, katika eneo la takriban hekta 300. Miongoni mwa miti iliyopandwa Usambara katika enzi hizo za kikoloni ni msizi, Maesopsis eminii. Msizi haukuhitaji malezi. Hondohondo walikula matunda yake, wakatawanya mbegu, na kila palipokatwa miti ya asili msizi ukajaza pengo, mpaka ukawa tatizo linalojulikana la misitu ya Usambara Mashariki. Katika safu ya nchi, msizi huo ungeandikwa "Tanzania" bila kosa, kwa maana unaota kiasili upande wa Bukoba, kama unavyoota Uganda. Ni Mtanzania, na ni mgeni wa Usambara. Mipaka ya nchi ilichorwa na wanasiasa, na ndege hawaifahamu. Safu ya asili isiposhuka hadi wilaya, mlima, msitu na mwinuko kutoka usawa wa bahari, haitatuonya.

Hapo ndipo tunapokutana na kisanduku kitupu. Mtu yeyote anayeanza kuorodhesha mimea aliyoikusanya kwa miaka atagundua, ndani ya saa moja, kwamba hajui asili ya sehemu kubwa ya mimea yake. Na hapo hujaribiwa. Mmea huu nadhani nilipewa na mtu wa Lushoto, basi na tuandike Lushoto. Ule unafanana na wa Uluguru, tuandike Uluguru. Visanduku vinajaa, jedwali linapendeza, na dhana imevikwa nguo za ukweli. Kompyuta haitofautishi Lushoto ya uhakika na Lushoto ya kubahatisha; zote ni herufi saba. Kisanduku kitupu kingekuwa cha kweli kuliko hicho kilichojazwa. Lakini utupu nao una maana mbili, na lazima zitenganishwe. Kuna utupu wa "bado sijachunguza", na kuna "nimechunguza, haijulikani". Wa kwanza ni deni, wa pili ni matokeo. Kisanduku kiachwe wazi kwa ajili ya deni tu. Matokeo yaandikwe U, pamoja na tarehe ya kuchunguzwa. Vivyo hivyo kwa hesabu: sifuri maana yake ni kwamba nilihesabu matunda nikakuta hakuna, na kisanduku wazi maana yake sikwenda kuhesabu. Programu yenyewe inaifuata tofauti hiyo, kwa kuwa fomyula ya wastani huruka visanduku wazi na kuzijumuisha sifuri. Anayeandika sifuri mahali pa utupu anashusha wastani wake bila kujua.

Ndiyo maana nasema kichujio cha kwanza kutumiwa kiwe cha visanduku vitupu. Wengi wakipata kichujio huanza kwa kuchuja wanachokipenda: nionyeshe okidi zote, nionyeshe miti ya dawa, nionyeshe yenye maua meupe. Hakuna ubaya. Lakini chuja asili iliyo wazi, na ghafla una orodha ya kazi: mimea hii ndiyo ya kuulizia kwa aliyenipa kabla hajahama au kuaga dunia. Chuja wazi katika safu ya aliyeutambua, una orodha ya kumpelekea mtaalamu wa hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Hata kufungua tu menyu ya kichujio katika safu ya majina ni uchunguzi, maana humo mtaonekana "Mvule", "Mvuli", "Milicia excelsa", "M. excelsa" na "Chlorophora excelsa", majina matano ya mti mmoja, kila moja likidai kuwa kitu chake. Kichujio hufichua uzembe wa mwandishi kabla hakijafichua siri yoyote ya mimea. Nao uangalifu unahitajika wakati wa kukitumia: kichujio hakifuti mistari, huificha, na wapo waliochapa orodha iliyochujwa wakaipeleka kwa wenzao kama orodha kamili.

Chati zinahitaji ukali zaidi, kwa sababu chati huaminiwa upesi kuliko jedwali. Tuchukue mfano wa kufikirika. Bustani ina mimea 300. Asili ya 180 haijulikani. Katika 120 iliyobaki, 60 imetoka Usambara. Mwenye bustani akichora duara la asili akaacha visanduku vitupu nje, Usambara itachukua nusu nzima ya duara, na atatangaza kwamba nusu ya mkusanyiko wake ni wa Usambara. Anachokijua kwa hakika ni sehemu moja ya tano. Pau ya "haijulikani" ichorwe daima, kwa rangi yake, na isionewe haya hata ikiwa ndefu kuliko zote. Ikiwa kila mwaka pau hiyo inafupika, hiyo ndiyo ripoti bora ya maendeleo ambayo bustani inaweza kuitoa.

Vifo navyo vichorwe. Mmea ukifa, mstari wake usifutwe. Iongezwe tarehe ya kufa na sababu, kama inajulikana, na hali igeuzwe kutoka "hai" kuwa "imekufa", ili kichujio kiweze kuuondoa machoni bila kuuondoa katika kumbukumbu. Hapo tena idadi ya waliokufa peke yake haitoshi. Chati inayoonyesha kwamba miche mingi hufa wakati wa masika inaweza kuwa inaonyesha tu kwamba miche mingi hupandwa wakati wa masika. Vifo vigawanywe kwa idadi iliyopandwa ndipo vilinganishwe. Sitini na mbili ya Hindorf ina maana kwa sababu ya elfu moja iliyotangulia.

Sasa nijibu pingamizi, na nianze na lile la wazee wa bustani. Wao husema: mtunza bustani anaijua mimea yake kwa macho na kwa mkono, na kitu kinachojulikana hivyo hakihitaji kuandikwa. Naliheshimu pingamizi hili, kwa kuwa ujuzi wanaousema ni wa kweli na hakuna safu itakayoubeba wote. Ila bustani huishi kuliko mtunzaji. Amani ilianzishwa na Wajerumani, ikatwaliwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Karibu na mwaka 1950 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na hebariamu ikahamia Nairobi, iliko hadi leo. Kila uhamisho ulikuwa wa watu, na kila mtu aliyeondoka aliondoka na kichwa chake. Miti ilibaki imesimama. Kilichowawezesha wataalamu wa baadaye kurudi chini ya miti ileile na kuuliza ni ipi iliyoletwa na ni ipi iliyotoroka ni kumbukumbu zilizoandikwa. Ujuzi wa mzee ungestahili safu yake, yenye jina lake na ruhusa yake, mapema, angali nasi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wataalamu wa kompyuta, na ni zito zaidi: lahajedwali huharibu data kimyakimya. Hilo halina ubishi. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake walionyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala za jenetiki walizozichunguza, zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika faili za Excel, zilikuwa na majina ya jeni yaliyogeuzwa kuwa kitu kingine. Jeni SEPT2 ilikuwa imekuwa tarehe 2 Septemba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilikubali kubadilisha majina yenyewe ili yasigeuzwe tena. Kwa mimea hatari ni hizo hizo. Namba 2024-05 inaweza kusomwa kuwa Mei 2024. Namba 0017 hupoteza sifuri zake ikawa 17. Tarehe 3/4/2019 ni Aprili kwetu, ni Machi katika kompyuta iliyopangwa Kimarekani. Tena Excel huanza kuhesabu siku tarehe 1 Januari 1900, kwa hiyo mimea iliyokusanywa Usambara katika miaka ya 1890 haina siku inayotambulika humo. Na anayepanga safu moja kwa alfabeti bila kuzishika nyingine hutenganisha kila jina na mmea wake, jambo ambalo faili likishahifadhiwa na kufungwa ni vigumu mno kulirekebisha.

Jibu langu ni kwamba madhara haya yote yana kinga, na kinga si ngumu. Safu ya namba ifanywe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Mwaka, mwezi na siku ziwe safu tatu. Ndipo hata mwaka peke yake unaweza kuandikwa pale ambapo siku haijulikani. Safu za herufi kama W na G zipewe orodha ya kuchagua, ili mtu asiweze kuandika kitu kingine. Nakala iwekwe mahali pengine kila mwezi, yenye tarehe katika jina la faili. Ni kweli pia kwamba bustani kubwa hufikia kikomo cha lahajedwali, maana mmea mmoja una matukio mengi, kuchanua, kukatwa, kuhamishwa, na matukio hayo hayaingii katika mstari mmoja. Yawekwe katika jedwali la pili, kila tukio na mstari wake, likiunganishwa na la kwanza kwa namba ya mmea. Aliyefanya hivyo amekwisha kujenga msingi wa hifadhidata, na siku atakapopata programu maalumu atahamisha bila maumivu. Aliyengoja programu kwanza amepoteza miaka ambayo hakuna programu itakayoirudisha.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kuandika mahali halisi pa mmea adimu ni kumchorea mwizi ramani. Mwaka 2014 bustani ya Kirstenbosch mjini Cape Town iliibiwa sikadi 24 za thamani kubwa, na hiyo ni bustani yenye uzio na walinzi. Msitu wa kijiji hauna uzio wala walinzi. Tena kuna mimea ya dawa ambayo jamii imeilinda kwa vizazi, na kuiweka katika faili linalotumwa kwa simu ni kuipeleka sokoni bila idhini ya wenyewe. Hapa sisemi kwamba hofu imekosea. Nasema mahali paandikwe kikamilifu katika faili la nyumbani, na faili linalogawiwa liwe jingine, ambalo safu hiyo imepunguzwa hadi wilaya au imeondolewa kabisa. Kuficha safu kwa kubofya hakutoshi, kwa kuwa kilichofichwa hufichuliwa kwa kubofya. Ifutwe katika nakala. Nao ulinzi wa jamii unaipa safu ya asili uzito zaidi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, inadai kwamba faida inayotokana na mimea igawanywe kwa haki na watu wa kule ilikotoka mimea hiyo. Jamii ambayo mmea wake umeandikwa U katika bustani ya ng'ambo haina pa kushika.

Ninaisema hoja hii kwa uzito kwa sababu kuna mimea ambayo haina muda. Kusini-mashariki mwa Tanzania, katika misitu ya Kilwa na Lindi, kuna mti uitwao Karomia gigas. Ulidhaniwa umetoweka duniani, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena mwaka 2011. Iliyobaki porini ni michache mno, mbegu zake nyingi hushambuliwa na kuvu, na juhudi za kuziotesha zimefika hadi bustani ya mimea ya Missouri, Marekani. Kwa mti kama huo, mche mmoja usiojulikana umetoka kwa mama yupi hauwezi kuoanishwa kwa uhakika na mche mwingine, na miche kumi ya mama mmoja haina uzito wa miche miwili ya mama wawili. Uamuzi wa kuupanda wapi, na kando ya upi, unategemea visanduku viwili vya jedwali, cha mzazi na cha asili.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo, na linaweza kutekelezwa leo kabla ya giza. Ukiwa na simu yenye programu ya majedwali, fungua faili jipya. Nenda kwenye mmea ulio karibu zaidi na mlango wako, uandike 0001 kwenye kibao kwa penseli, kwa sababu wino hufutika kwa jua na mvua, kisha uandike mstari wake. Ukifika kwenye asili na usiijue, usikisie. Kama yupo aliyekupa mmea huo na bado yu hai, acha kisanduku wazi na umpigie simu kesho asubuhi.